Kubana Picha za Miswada ya Kiswahili bila Kupoteza Nukta

Katika Kiswahili kiandikwacho kwa herufi za Kiarabu, jino moja dogo la wino laweza kuwa herufi sita. Likiwekewa nukta moja chini ni be. Nukta mbili juu, te. Nukta tatu juu, the. Nukta moja juu, nuni. Nukta mbili chini, ye. Na waandishi waliotaka kuitenga pe na be waliliwekea nukta tatu chini. Kwa hiyo maneno pata, bata, tata na nata, yakiandikwa na mkono uleule kwa kalamu ileile, huwa na mwili mmoja, na kinachoyatenga ni nukta za herufi ya kwanza tu. Isitoshe, katika desturi ya zamani kasra hutumika kwa i na kwa e, na dhumma kwa u na kwa o, na mara nyingi ile n au m itanguliayo konsonanti nyingine haikuandikwa kabisa. Msomaji wa miswada hii amekwisha kubebeshwa mzigo mkubwa wa kukisia. Nukta ni miongoni mwa mambo machache ambayo hakupaswa kuyakisia.

Miswada hiyo leo husomwa zaidi katika picha kuliko katika karatasi. Mkusanyo wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao orodha yake iliyotungwa na J. W. T. Allen ilichapishwa Leiden mwaka 1970, na ule wa SOAS mjini London wenye karatasi za W. E. Taylor na William Hichens, haumo karibu na kila mtafiti. Na hata aliye karibu hapewi hati dhaifu aifunue kila atakapo. Yeye hupewa picha ya kidijiti. Basi baina ya karatasi na jicho la msomaji huingia kazi moja ambayo aghalabu haitajwi katika dibaji ya chapisho lolote, nayo ni kubana picha, yaani kupunguza wingi wa tarakimu zinazoihifadhi. Kazi hii huachiwa mafundi wa mashine. Lakini kwa maandishi ambayo maana yake hukaa katika nukta, ni kazi inayogusa matini yenyewe.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya istilahi. Watu wengi huita "nukta" kila chembe ya picha ya kidijiti, na hilo si kosa la lugha. Lakini hapa lingeleta mchafuko. Katika makala haya nukta ni alama ya wino aliyoiweka mwandishi wa mswada, na chembe ya picha itaitwa pikseli.

Ukubwa wa jambo waonekana katika hesabu. Ukurasa wa kipimo cha A4 ukipigwa picha kwa pikseli 300 katika kila inchi, una pikseli 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, jumla 8,699,840. Kila pikseli ya rangi huchukua baiti 3, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Hivyo ukurasa mmoja hufikia baiti milioni 26 na zaidi, na mswada wa kurasa 400 ni baiti bilioni 10 na ushei. Nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita, katika picha hiyo, ni pikseli 6 tu kwa upana. Ikiwa imeviringa, nukta yote ni pikseli 28 hivi. Picha ikipunguzwa hadi pikseli 75 kwa inchi, kama ifanywavyo mara nyingi ili ukurasa ufunguke upesi, nukta ileile hubaki na upana wa pikseli moja na nusu, na nukta mbili zilizokaa karibu huwa doa moja. Hapo hakuna ubanaji wa kulaumiwa. Nukta imekwisha potea kabla ya ubanaji kuanza.

Njia za kubana ni za namna mbili. Ya kwanza haipotezi kitu: picha ikifunguliwa, kila pikseli hurudi ilivyokuwa. Ndiyo njia ya PNG, iliyotolewa mwaka 1996, ambayo hukisia kila pikseli kutokana na jirani zake, kisha huhifadhi tofauti baina ya kisio na kweli. Pale jirani zinapofanana tofauti huwa sifuri, na sifuri nyingi huandikwa kwa nafasi ndogo. Kwa michoro iliyochorwa ndani ya kompyuta yenyewe njia hii huleta nafuu kubwa. Kwa karatasi kuukuu nafuu ni ndogo, kwa kuwa nyuzi za karatasi, madoa ya unyevu na mtetemo wa mashine hufanya kila pikseli itofautiane kidogo na mwenziwe, nayo PNG huvihifadhi vyote hivyo kwa uaminifu uleule inaohifadhia wino.

Namna ya pili hukubali kupoteza, na iliyoenea zaidi ni JPEG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. Msingi wake ni kanuni ya hisabati iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Picha hukatwa vipande vya mraba vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande, badala ya kuhifadhiwa kama mwanga wa pikseli 64, hugeuzwa kuwa vipimo 64: cha kwanza ni wastani wa kipande chote, na vinavyofuata ni nguvu za mawimbi ya kosaini, kuanzia wimbi refu linalopanda na kushuka polepole hadi wimbi fupi linalobadilika kila pikseli. Kisha kila kipimo hugawanywa kwa namba fulani, na jibu hukadiriwa kuwa namba kamili. Katika jedwali la mfano lililomo katika kiwango hicho, kipimo cha kwanza cha mwanga hugawanywa kwa 16, na cha mwisho kwa 99. Kwa hiyo wimbi fupi lisilokuwa na nguvu nyingi huwa sifuri, nalo halirudi tena. Hapo ndipo nafasi inapookolewa.

Shauri hili lilibuniwa kwa picha za kawaida, kama uso wa mtu, mbingu au bustani, ambamo mwanga hubadilika taratibu na jicho halina haja na mawimbi mafupi. Ukingo wa herufi ni kinyume chake. Hapo mwanga haushuki bali huanguka. Ili mawimbi yachore anguko, hayana budi kushirikiana yote, marefu na mafupi. Ukiyaondoa mafupi, yaliyobaki hayawezi kusimamisha ukuta.

Mfano mmoja watosha. Chukua safu moja ya pikseli 8, nne za karatasi zenye mwanga wa 200, na nne za wino zenye mwanga wa 40:

200, 200, 200, 200, 40, 40, 40, 40.

Safu hii huundwa na wastani wake, ambao ni 120, pamoja na mawimbi manne. Ukiweka wastani na mawimbi mawili yenye nguvu zaidi, na kuyatupa mawili yaliyo dhaifu, safu irudiyo ni hii:

191, 212, 212, 160, 80, 28, 28, 49.

Mambo mawili yametokea. Kwanza, pale mpakani, ambapo mwanga ulianguka kwa 160 mara moja, sasa unaanguka kwa 80 tu, na ukingo umekuwa mteremko. Pili, karatasi iliyokuwa 200 tupu sasa inapanda hadi 212 na kushuka hadi 191, na wino nao unayumba vivyo hivyo. Mayumbo haya yajulikana na wanahisabati tangu karne ya 19: Henry Wilbraham aliyaeleza mwaka 1848, na J. Willard Gibbs akayarudia mwaka 1899, akionyesha kwamba anguko likichorwa kwa mawimbi laini, hata yakiwa mengi namna gani, karibu na mpaka hubaki ziada ya takriban sehemu 9 katika 100 za anguko lote. Katika picha ya mswada ziada hiyo huonekana kama vumbi la kijivu lililoizunguka kila herufi. Na vumbi lililo juu au chini ya jino la wino si jambo dogo kwa mtu anayetafuta nukta mahali hapohapo.

Rangi huteseka zaidi. JPEG hutenga mwanga na rangi, na mara nyingi rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, kwa kuwa jicho la binadamu halioni rangi kwa ukali linaoona mwanga. Hivyo pikseli nne hugawana rangi moja. Wino mweusi hauumii sana kwa hilo, lakini alama za wino mwekundu, ambazo waandishi wengi walizitumia kutenga vipande na mishororo, huvuja pembeni na kufifia. Mtafiti anayetaka kujua kama alama fulani iliwekwa na mwandishi wa kwanza au na mkono mwingine kwa wino mwingine, ashike picha ya namna hii kwa tahadhari.

Yamkini mtu atauliza: je, mafundi hawana kipimo cha kuonyesha kwamba picha imeharibika? Wanacho, na hapo pana shida nyingine. Kipimo kinachotumika sana huchukua tofauti ya kila pikseli baina ya picha ya asili na iliyobanwa, huizidisha kwa yenyewe, hutafuta wastani, kisha hueleza matokeo kwa desibeli. Desibeli zikiwa nyingi picha ni njema, na zikipita 40 kwa kawaida husemwa ni njema sana. Sasa na afute mtu nukta moja nzima kutoka katika ukurasa uliotajwa juu, pikseli 28 zilizotofautiana na karatasi kwa 160. Wastani wa kosa katika pikseli zote milioni 8.7 hautafika hata sehemu 1 ya 10, na kipimo kitasoma desibeli 59. Te imekuwa nuni, na ukurasa umepewa alama za juu kabisa. Kipimo hakikusema uongo. Kiliulizwa juu ya pikseli, hakikuulizwa juu ya herufi.

Juhudi za kutunza kingo zimekuwa nyingi. JPEG 2000, ambayo maktaba kadhaa kubwa ziliikubali kwa hifadhi, huacha vipande vya 8 kwa 8 na kutumia viwimbi vinavyoanza na kukoma mahali maalumu, hivyo kosa la ukingo mmoja halisambai mbali. Ikibanwa mno huleta ukungu badala ya miraba, nayo ina njia ya kubana pasipo kupoteza chochote. JPEG XL, iliyochapishwa kuwa kiwango mwaka 2022, ina chujio maalumu la kutunza kingo: picha inapofunguliwa, chujio hulainisha pikseli zinazofanana na jirani zake, na huziacha zile zilizotengana sana, likidhani kwamba mtengano mkubwa ni ukingo wa kweli na mtengano mdogo ni uchafu wa hesabu. Dhana hiyo ni njema kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Kwa nukta iliyofifia juu ya karatasi iliyogeuka rangi, mtengano nao ni mdogo, na chujio laweza kuilainisha pamoja na nyuzi za karatasi.

Njia iliyofikiriwa mahsusi kwa maandishi ni ile ya matabaka. Ilishika nguvu kwa DjVu, iliyoanza kubuniwa mwaka 1996 katika maabara za AT&T na Yann LeCun, Léon Bottou, Patrick Haffner na wenzao. Ukurasa huchambuliwa kuwa vitu vitatu. Kuna barakoa, yaani picha isiyokuwa na kijivu, ambamo kila pikseli ni wino au si wino. Hii huhifadhiwa kwa pikseli 300 kwa inchi ili kingo zikae wazi. Kuna usuli, yaani karatasi na madoa yake, ambao huhifadhiwa kwa 100 tu. Na kuna rangi ya wino, ambayo haibadiliki sana, nayo huridhika na 25. Matokeo ni faili ndogo ajabu yenye herufi zilizokatwa kama kwa wembe.

Lakini nani aliyeamua kwamba pikseli hii ni wino na ile si wino? Ni mashine, kwa kulinganisha mwanga. Chukua karatasi yenye mwanga wa 200, iliyo na doa la maji lenye 130, na nukta iliyopauka yenye 140. Ukiweka kizingiti kimoja kwa ukurasa wote, kile kitakachoikubali nukta kitalikubali na doa, na kile kitakacholikataa doa kitaikataa na nukta. Zipo kanuni zinazopima kila sehemu kwa ujirani wake, nazo hufanya vizuri zaidi. Hata hivyo kitundu cha mdudu kilichoingia chini ya jino huweza kutoka katika barakoa kikiwa cheusi na cha mviringo kama nukta yoyote. Katika karatasi yenyewe mtu angekigundua kwa kuigeuza juani. Katika barakoa hakuna cha kugeuza.

Hatari huzidi pale barakoa inapobanwa tena kwa JBIG2, kiwango cha mwaka 2000. Kiwango hiki chaweza kutumiwa bila kupoteza kitu. Lakini kina njia nyingine, nayo ni kukusanya maumbo ya wino yaliyo ukurasani, kuyalinganisha, na pale mawili yanapokaribiana kuhifadhi moja tu na kulichapa mahali pa yote mawili. Mwaka 2013 mwanasayansi wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba mashine fulani za kunakili zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika hati zilizopitishwa humo: vipimo vya vyumba katika ramani ya nyumba vilitoka vingine, na 6 ikageuka 8. Kosa hilo halikuwa rahisi kushukiwa, kwa sababu tarakimu zilizobadilishwa zilikuwa safi na kali.

Wasomaji wa herufi za Kiarabu wana sababu ya kuliogopa jambo hili kuliko wengine. Katika herufi za Kirumi umbo moja lisilogusana na jingine mara nyingi ni herufi nzima. Katika miswada ya Kiswahili nukta imesimama peke yake, na kwa mashine nukta ni umbo kamili linalojitegemea, dogo kuliko yote, hivyo jepesi kulinganishwa na jingine. Mkono wa haraka huziunganisha nukta mbili kuwa kistari kifupi, na nukta tatu kuwa kikofia. Baina ya kistari kinene na nukta moja iliyotandazwa na kalamu nzito, au baina ya kistari na kikofia kilichobonyea, tofauti ni pikseli chache. Mashine ikiamua kwamba ni kitu kimoja, pata na bata zitabadilishana, na ukurasa utakuwa na kingo kali tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo mafundi huyaweka katika kapu moja, yaani ukali wa ukingo na ukweli wa ukingo. Ukungu wa JPEG ni kasoro, lakini hujionyesha: msomaji aonaye vumbi juu ya jino hujua kwamba hana hakika, naye huweka alama ya shaka katika nakala yake. Umbo lililobadilishwa halina alama yoyote ya kubadilishwa. Ama kwa habari ya kuchagua baina ya hizo mbili, mhariri wa mashairi ya zamani angefadhilisha ukungu, maana pasipo ukungu asingejua hata mahali pa kuuliza.

Katika utendaji, jambo la kwanza ni kuweka picha ya asili isiyopotezwa kitu, na nakala zote za kusomea kutokana nayo, si kutokana na nakala iliyokwisha banwa; kwani JPEG ikifunguliwa, ikakatwa au kusogezwa, kisha ikabanwa tena, vipande vya 8 kwa 8 huangukia mahali papya na hasara huongezwa juu ya hasara. JBIG2 iwekwe katika njia yake isiyopoteza, au isitumike kabisa. Rangi isipunguzwe pale penye wino wa rangi mbili. Na badala ya kutegemea desibeli peke yake, mkusanyo uchaguliwe kurasa chache za majaribio, zenye wino uliofifia na madoa, zisomwe kwanza katika karatasi na mtu aujuaye mwandiko huo, naye ahesabu nukta za kila mstari. Kisha zisomwe tena katika picha iliyobanwa na mtu wa pili ambaye hakuiona karatasi. Pale hesabu zao zinapotofautiana ndipo penye kazi. Njia iliyotumika, pamoja na kiasi cha ubanaji, iandikwe katika maelezo ya mswada pamoja na vipimo vya karatasi na rangi ya wino, ili mhariri atakayesema kwamba "mswada una nuni" aweze kueleza kama aliiona nuni katika mswada au katika faili.

Gharama ya uangalifu huu ilikuwa kubwa zamani kuliko sasa. Kadi ndogo ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha na uwezo wa baiti trilioni 1, ambayo huuzwa madukani, hubeba kurasa 38,000 za namna iliyotajwa bila kubanwa hata kidogo. Kinachobaki kuwa kigumu ni njia ya kupelekea picha. Kwa mtandao upitishao biti milioni 2 kwa sekunde, ukurasa mmoja wa asili humfikia msomaji baada ya sekunde 104, na msomaji wa Lamu au Ujiji hatangoja hivyo kwa kila ukurasa kati ya 400. Apewe basi nakala ndogo ya kupitia haraka, yenye ukungu wake, na kando yake mahali pa kuomba kipande chochote cha ukurasa kama kilivyo katika picha ya asili. Kipande cha pikseli 400 kwa 200, kinachotosha neno moja na nukta zake zote, ni baiti 240,000, nacho kwa mtandao huohuo hufika kwa muda usiotimia sekunde moja.